Shujaa wa Kisasili Sokoni: Biashara ya Vitabu vya Katuni na Nafasi ya Kanda ya Dhahabu

Shujaa wa katuni anayetokana na visasili ni bidhaa ambayo malighafi yake haina mwenyewe. Hakuna kampuni inayomiliki Herakles, Achilles wala Waamazoni wa Wagiriki wa kale. Kinachomilikiwa ni mhusika aliyetengenezwa kutokana nao: sura yake, mavazi yake, jina alilopewa na visa alivyoandikiwa. Thamani ya mhusika huyo hutegemea mambo matatu: kuchapishwa bila kukatika, kumfikia msomaji na kuwa na mmiliki anayejulikana.

Wonder Woman anaonyesha mambo hayo yote. Alibuniwa na mwanasaikolojia William Moulton Marston, akachorwa na Harry G. Peter, na akatokea mara ya kwanza katika jarida la All Star Comics mwishoni mwa mwaka 1941. Kisa chake kilimfanya kuwa Diana, binti wa Hippolyta, malkia wa Waamazoni. Mwaka 1942 alipata jarida lake mwenyewe. Marston alifariki mwaka 1947, lakini jarida liliendelea, kwa kuwa mhusika alikuwa mikononi mwa kampuni ambayo leo ni DC Comics. Mwaka 1968 wahariri walimvua nguvu zake za kimiujiza. Mwaka 1987 mchoraji George Pérez aliianza hadithi upya na kuwarudisha miungu wa Kigiriki katikati ya visa. Tamthilia ya runinga ilirushwa kati ya 1975 na 1979, na filamu ya mwaka 2017 iliingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani.

Hatari ya umiliki kuwa na mgogoro inaonekana kwa Captain Marvel wa kampuni ya Fawcett, aliyetoka mwaka 1940. Neno lake la siri, Shazam, lilikusanya herufi za kwanza za majina kama Zeus, Atlas na Achilles. Wamiliki wa Superman walishitaki kwamba ameigwa kutoka kwa mhusika wao, na baada ya kesi ndefu Fawcett ilisitisha majarida yake mwaka 1953. DC ilipopata leseni ya kumrudisha mwaka 1972, jina Captain Marvel lilikuwa limeshatumiwa na kampuni ya Marvel, hivyo jarida likaitwa Shazam! Miaka karibu 20 nje ya soko ilimpotezea hata jina.

Afrika Mashariki nayo imewahi kufanya biashara ya mashujaa wa jadi. Jijini Nairobi, Terry Hirst, mchoraji mzaliwa wa Uingereza aliyeanzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno mwaka 1973, alitoa katika miaka ya 1980 mfululizo wa vitabu vya katuni vya Pichadithi. Miongoni mwa mashujaa wake alikuwa Lwanda Magere, mpiganaji wa Waluo wa Kano ambaye mkuki haukupenya mwili wake, hadi adui alipojua siri kwamba uhai wake umo katika kivuli. Anafanana na Achilles, aliyekuwa na sehemu moja tu dhaifu mwilini. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi Nairobi, alibuni Akokhan, shujaa wa nguvu za ajabu mwenye asili ya Kiafrika. Odoi alifariki mwaka 2012. Hakuna hata mmoja kati ya mashujaa hao aliyepata jarida la kudumu kwa miongo kadhaa.

Nchini Tanzania soko lilikwenda upande mwingine. Jarida la Sani, lililoanzishwa na Said Bawji na Nicco ye Mbajo, lilipata wasomaji wengi katika miaka ya 1980 kwa kuuza vichekesho vya mtaani. Wahusika wake, akiwamo Ndumilakuwili, Kipepe, Madenge na Lodi Lofa, hawakuwa na nguvu za kimiujiza. Walikuwa na njaa, tamaa na ujanja wa mjini. Mchoraji Philip Ndunguru alifariki mwaka 1986 akiwa kijana, na wahusika wakaendelea kuchorwa na wengine. Kwa hilo Sani ilifanana na wachapishaji wa Marekani: mhusika alikuwa wa jarida.

Mfumo mpya zaidi ni wa Shujaaz, jarida la katuni lililoanza Kenya mwaka 2010 na kuingia Tanzania mwaka 2015. Msomaji halipi. Gharama hubebwa na wafadhili na kampuni zinazotaka kuwafikia vijana, na nchini Kenya nakala ziligawiwa ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa. Mfumo huu uliondoa kikwazo cha bei na kile cha usambazaji, lakini mada huelekezwa na mlipaji.

Shinyanga na Geita, katika kanda ya dhahabu ya Tanzania, zina malighafi ya kutosha ya mashujaa kama hao wa kisasili. Simulizi ya Wasukuma ya Masala Kulangwa inaeleza jinsi zimwi Shing'weng'we lilivyomeza watu wote na mifugo yao, akabaki mama mjamzito aliyejificha. Mwanawe, Masala Kulangwa, alipokua alitoka kulitafuta, akarudi na panzi, kisha na wanyama wengine, akimuuliza mama kila mara kama ndiye huyo. Mama akijibu bado. Hatimaye alilipata, akaliua na kulipasua tumbo, watu wakatoka hai. Kila jaribio la kijana huyo linaweza kujaza toleo moja la jarida. Yupo pia Ng'wanamalundi, mcheza ngoma na mganga aliyefariki mwaka 1936, ambaye inasimuliwa kwamba alipoonyesha mti kwa kidole ulikauka.

Kinachokosekana ni mnyororo wa biashara. Wachapishaji wakubwa wako Dar es Salaam, na nakala husafiri takriban kilomita 1,000 kufika Shinyanga kabla ya kugawanywa Kahama, Katoro na Geita. Nauli ya mzigo humlemea mchapishaji wa nakala chache, na zisizouzwa ni hasara. Fedha ya wachimbaji wadogo nayo huja kwa msimu, kulingana na mavuno ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Wakati huohuo vibanda vya video huuza mashujaa wa kigeni waliotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili, kwa bei ambayo jarida la rangi haliwezi kushindana nayo.

Njia mbili zinapunguza gharama hizo. Ya kwanza ni shule, kwa kuwa vitabu vya ziada huagizwa kwa wingi na kwa mpango. Ya pili ni simu, ambako malipo hufanywa kwa pesa za mtandao na usafirishaji hautozwi kwa kilo. Zote zinahitaji umiliki ulionyooka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na inagusa pia sanaa za jadi zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila. Kwa hiyo mchapishaji wa Masala Kulangwa angehitaji kwanza kufuatilia kibali cha kutumia simulizi, kisha mkataba wa maandishi na mchoraji unaotaja nani anamiliki mhusika, nani anaweza kuuza leseni ya filamu na mapato yatagawanywaje.