Moyo Upigao Polepole

Ndugu msomaji, weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo mpaka dakika nzima itimie. Usihesabu kwa kidole gumba, maana chenyewe kina mpigo wake nacho kitakudanganya. Mtu mzima aliyetulia hupata kati ya 60 na 100. Ukipata chini ya 60 usitupe gazeti ukakimbilia hospitali. Kijana alimaye na kubeba mikungu ya ndizi kila siku aweza kuwa na 50, naye ni mzima kuliko sisi tukaao vitini.

Habari ni nyingine ikiwa mapigo ni machache na mwenyewe aona kizunguzungu, achoka kwa kilima kidogo, macho yaingia giza, au aanguka na kuzimia. Tena presha haitulii: leo zahanati yaandika 160 juu, keshokutwa 100. Hapo maneno huanza. Toka Kanyangereko hata Nshamba utasikia, "Amerogwa," au, "Ni kifafa hicho."

Neno hili la kifafa lina hatari yake. Moyo ukisita kwa sekunde chache, ubongo hukosa damu; mtu huanguka, na mikono yaweza hata kutikisika. Mara nyingi huyu wa moyo hupauka, huanguka ghafla, na huamka upesi akijua yuko wapi. Wa kifafa huamka amechanganyikiwa, na usingizi wamlemea. Wako waliomeza dawa za kifafa miaka mingi, kumbe moyo ndio uliokuwa ukisita. (Wala kifafa chenyewe hakiambukizi. Kumtengea mtu sahani yake ni ukatili wa bure.)

Sababu zaweza kuwa nyingi. Tezi ya shingo iliyolegea kazini hupunguza mapigo. Uzee huchakaza nyuzi zipitishazo umeme wa moyo. Lakini kwanza tazama vidonge vilivyomo nyumbani. Atenolol na propranolol, watu wapewazo kwa presha, hupunguza mapigo. Hata matone ya timolol, ya ugonjwa wa presha ya macho, hupenya damuni na kufanya vivyo hivyo. Basi ukienda kwa daktari chukua dawa zote, pamoja na zile ulizoazima kwa jirani. Usiziache ghafla kwa shauri lako, maana moyo waweza kugeuka vibaya zaidi.

Je, daktari akisema haoni kitu? Usidhani anakuita mwongo. Mashine ya kupima umeme wa moyo huandika sekunde kama 10 tu, na saa ile moyo waweza kupiga vizuri kabisa. Ndiyo sababu nakushauri ununue daftari la shule. Andika tarehe, saa, mapigo, presha kama kuna kipimo, ulichokuwa ukifanya, na dawa uliyokunywa. Mtoto wa darasa la tano aweza kuhesabu mapigo ya bibi yake na kuandika. Daftari la mwezi mmoja lamwambia daktari mambo ambayo sekunde 10 haziwezi kumwambia, naye aweza kuamua uvae mashine ndogo iandikayo moyo usiku na mchana.

Na presha ipimwe kwa haki. Kaa dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, umekwisha kwenda haja. Nusu saa kabla, hapana tumbaku wala kahawa. Nasi watu wa Bukoba tunaotafuna kahawa njiani tukumbuke kwamba hiyo nayo ni kahawa! Mwombe mganga apime tena ukiwa umesimama. Ikishuka sana, umepata sababu moja ya kizunguzungu.

Wakati wa kungoja jibu, yabidi kuishi kwa hadhari. Ukiamka, keti kwanza kitandani. Usipande mti, usiendeshe pikipiki, usiingie ziwani peke yako. Choo cha usiku kisitiwe komeo, maana wengi huzimia huko. Lubisi nayo hushusha presha ya mtu anaposimama; iache. Lakini ukizimia, ukiumwa kifua, au pumzi ikikatika, nenda siku ile ile: walio Muleba wana Rubya, Kagondo na Ndolage, walio mjini wana hospitali ya mkoa. Hapana kungoja Jumatatu.

Ikithibitika kwamba moyo wasita, iko betri ya moyo, chombo kidogo kitiwacho chini ya ngozi ya kifua. Mswidi Arne Larsson alikuwa wa kwanza kutiwa, mwaka 1958. Alibadilishiwa vyombo zaidi ya 20, akaishi mpaka 2001, naye alikuwa na miaka 86. Kwetu kazi hiyo hufanyika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Gharama yake huogopesha, na wengine hufikiri mara moja kuuza kibanja, makaburi ya wazee yakiwa humo humo. Kabla ya kumwita mnunuzi, uliza kama bima yako italipa, kisha nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini, ueleze hali yako, na daftari lako mkononi.