Puli ya mbele ikianza kuyumba, usiichomelee

Kwenye barabara za Kasongo na Kabambare, wakati wa mvua, gari ikisimama njiani siyo shofere peke yake anapata shida. Ndani kunaweza kuwa mgonjwa anapelekwa hospitali, mama mwenye bidhaa za soko, ao abiria ambao hawataki giza liwakute porini. Ndiyo maana watu wengi wanaamini Land Cruiser. Nyingi kati yake ziko na injini ya 1HZ, ya mazutu, yenye silinda sita na ukubwa wa litre 4.2, ambayo Toyota ilianza kuiweka ndani ya magari mwaka 1990.

Injini hiyo ni ngumu, lakini mbele yake kuna kipande kimoja ambacho kinadanganya macho. Kinafanana na puli ya kawaida ya kuzungusha mikanda. Kumbe kiko na kazi ingine kubwa zaidi: kulinda vilebrekeni isivunjike. Mafundi wengi wanakiita puli dampere.

Kazi yake ni gani?

Kila mara mazutu yanapowaka ndani ya silinda, pistoni inasukuma vilebrekeni kwa nguvu. Chuma hicho ni kigumu, lakini kila pigo linakikunja kidogo kama mtu anayekamua nguo, kiisha kinarudi. Wazia daraja la kamba: watu wakivuka kila mtu na mwendo wake, daraja linatulia. Wakikanyaga wote pamoja kwa mwendo mmoja, linaanza kuyumba zaidi na zaidi. Vilebrekeni iko vile vile. Kuna mwendo fulani wa injini ambapo mapigo yanajumlishana, na chuma kinaweza kupasuka polepole bila mtu kuona.

Hapo puli dampere inaingia kazini. Iko na sehemu tatu: kitovu cha katikati kinachofungwa kwenye vilebrekeni, pete nzito ya inje, na mpira katikati ya hizo mbili. Kitovu kikitetemeka, pete nzito inakataa kufuata mbio. Mpira unavutika, unameza mtetemo huo na kuugeuza kuwa joto. Mwingereza Frederick Lanchester alikuwa kati ya watu wa kwanza kutengeneza kizuizi cha mtetemo wa namna hii, mwanzoni mwa miaka ya 1900.

Pikipiki na mashine ndogo za kusaga za silinda moja, kwa kawaida hazina mpira huo. Vilebrekeni yao ni fupi. Silinda sita zikipangwa kwa mstari mmoja, vilebrekeni inakuwa ndefu, na chuma kirefu kinajikunja kwa urahisi.

Dalili za kuangalia

Mpira unazeeka. Joto la injini linaukausha, na mafuta yanayovuja mbele ya injini yanaulainisha. Puli inaanza kuyumba, mkanda unalia, unakatika pembeni ao unaruka. Shofere anabadilisha mkanda mara mbili, mara tatu, na shida inabaki. Mkanda ukitoka, pompi ya maji inasimama, batri haipate moto, na injini inachemka.

Kuna kipimo ambacho hakiombe pesa. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chora mstari mmoja wa chaki ao rangi kutoka kwenye kitovu, upite juu ya mpira mpaka kwenye pete ya inje. Kiisha safari chache, angalia tena. Kama mstari umekatika, upande wa pete hauonane tena na upande wa kitovu, mpira umeachia. Alama za kupangia injini zilizo kwenye pete hiyo nazo zitakuwa zinadanganya fundi.

Siyo magari ya barabara mbaya tu. Kule Marekani, wenye magari ya mbio ya Chevrolet Corvette ya miaka 1997 mpaka 2004 wanaijua sana puli inayoyumba. Kwao kazi ni ndefu: lazima kusogeza kwanza chuma cha usukani ili kuifikia, na bulo lake halitumike mara ya pili kwa sababu linavutika likikazwa.

Kuibadilisha

Fundi anatosha waya wa batri, anatosha mikanda na vyote vinavyomzuia mbele, kiisha anazuia vilebrekeni isizunguke ili afungue bulo kubwa. Kama puli imekwama, inavutwa na ekstraktere iliyoshika kitovu. Ikishika pete ya inje, inapasua mpira. Nyundo hairuhusiwe: pigo linaingia mpaka kwenye kusineti za vilebrekeni. Kabla ya kufunga mpya, aangalie klaveti na jointi ya mbele. Kama mafuta yanavuja, mpira mpya nao utakufa. Bulo linakazwa kwa kle ya kipimo, kufuatana na kitabu cha injini, siyo kwa kukadiria.

Pyesi mpya inatoka mbali na bei ni kali. Kwa hiyo wengine wanachomelea pete na kitovu vishikamane. Puli haiyumbe tena, mkanda unatulia, na shofere anafurahi. Lakini mpira haufanye tena kazi, na mtetemo wote unabaki kwenye vilebrekeni. Ikivunjika, siyo puli tena inatafutwa, ni injini.

Anayenunua ya okazio akumbuke kwamba mpira wake nao ni wa zamani. Aangalie kama umepasuka, umevimba ao unatoka inje, na kama puli ni ya injini ileile, yenye njia za mikanda sawasawa.

Mstari wa chaki unachukua dakika moja. Ni vizuri kuuchora gari ikiwa ingali kwenye garaji, ambapo fundi na vyombo viko karibu.