Biringani halimngoji mvumilivu

Methali isemayo mvumilivu hula mbivu imewalea wengi wetu, nayo ni kweli kwa embe, ndizi na papai. Kwa biringani si kweli. Tunda hili huliwa likiwa bado changa, kabla mbegu zake hazijakomaa. Anayelisubiri liive huambulia ganda gumu, mbegu za kahawia na uchungu mdomoni. Juma hili tumeona tuzungumze na familia zenye bustani nyuma ya nyumba juu ya swali dogo lenye uzito jikoni: biringani lichumwe lini?

Mfano wetu ni Mtabila, wilayani Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma. Kwa miaka mingi mahali hapo palikuwa kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, hadi ilipofungwa Desemba 2012. Mgao wa chakula katika kambi za mkoa huo ulikuwa unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta na chumvi. Mboga mbichi ilibidi familia ijitafutie, na kipande cha ardhi kando ya nyumba kilikuwa na thamani kubwa.

Kati ya Oktoba na Desemba mwaka huo watu zaidi ya 30,000 walirejeshwa kwao. Hiyo ni miezi ambayo mvua za Kigoma huanza na mkulima huwa ndiyo kwanza anapanda. Mwenye kuhama wakati huo hawezi kubeba mahindi ambayo hayajatoa hata mbelewele. Lakini biringani lenye ukubwa wa yai la kuku laweza kupikwa jioni ileile. Hapo ndipo penye fundisho: anayewahi kuchuma biringani hupoteza uzito kidogo tu, anayechelewa huweza kupoteza tunda zima.

Basi tuzitaje dalili. Ya kwanza ni mng'ao. Biringani lililo tayari hung'aa kana kwamba limepakwa mafuta. Likianza kufifia, wakati wake unapita. Ya pili ni kidole gumba. Libonyeze taratibu: likiwa gumu kabisa bado linakua; likibonyea kidogo kisha likarudi, chuma; alama ya kidole ikibaki, umechelewa. Ya tatu ni kisu. Kata moja la kujaribia: nyama iwe nyeupe na mbegu ziwe laini zisizo na rangi ya kahawia.

Ukubwa peke yake usikudanganye, kwani zipo mbegu zenye matunda marefu ya zambarau na nyingine zenye matunda ya mviringo na madogo. Siku nazo husaidia kukisia tu. Kwa kawaida mavuno ya kwanza huja miezi miwili hadi mitatu baada ya kuhamisha miche, na baridi ya nyanda za juu huweza kuchelewesha.

Ndugu yake, nyanya chungu, ambayo wengine huiita ngogwe, nayo haisubiriwi. Huchumwa ikiwa bado nyeupe, ya maziwa au ya kijani, kwa kufuata aina yake, huku ikiwa ngumu na yenye kung'aa. Ikigeuka kuwa ya rangi ya chungwa au nyekundu, imeiva kwa ajili ya mbegu, si kwa ajili ya sufuria.

Wakati wa kuchuma tusivute kwa mkono. Tawi la mbiringani hukatika upesi, na kikonyo mara nyingi kina miiba. Tutumie kisu kikali au mkasi, tuache kipande cha kikonyo juu ya tunda. Tupite bustanini kila baada ya siku tatu au nne. Mmea unaobeba matunda yaliyokomaa hupunguza maua, maana kazi yake ya kuzaa mbegu imekwisha. Unaochumwa mara kwa mara huendelea kuzaa.

Anayetaka mbegu za msimu ujao achague mmea mmoja wenye afya, aache tunda moja au mawili yabadilike kuwa ya manjano au kahawia, kisha azioshe mbegu na kuzianika kivulini. Mbegu chotara za dukani hazifai kwa jambo hili, kwani watoto wake hawafanani na mzazi.

Biringani halina ghala. Likiwekwa kivulini penye ubaridi hukaa siku chache tu, kisha hunyauka. Kwa hiyo siku ya kuchuma na iwe siku ya kupika: kwa mawese na dagaa wa Kigoma, au kwa nyanya na kitunguu. Yakizidi, yapelekwe kwa jirani yangali yaking'aa. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr azidishe maji katika mchuzi wake na awakumbuke majirani, mwenye bustani anao mlango mwepesi wa kuufuata usia huo.

Tuwapeleke na watoto bustanini, tuwaache wabonyeze kwa vidole vyao wenyewe. Mtoto aliyejua kulipima biringani kwa kidole hatahitaji kuulizia umri wake, na popote familia itakapohamia, ujuzi huo hauachwi nyuma.