Kijana Ajionavyo, Ndivyo Asomavyo

Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba katika Wilaya ya Mkoani, huvukiwa kwa chombo. Watoto wake hukua na bahari: wajua maji yakipwa na yakijaa, wajua na pepo zake. Chuoni huhifadhi sura moja baada ya moja, hata juzuu nzima ikakaa moyoni. Lakini mtoto huyo huyo akikosea hesabu mbili tatu skulini, huambiwa, "Kichwa chako kizito." Neno likikaririwa huliamini, akiisha kuliamini, huacha kujaribu. Mtihani ukifika huanguka, nasi twasema, "Hatukusema?"

Enyi wazazi, tufikiri: je, ni akili iliyopungua, au ni moyo uliovunjwa?

Wataalamu wameyapima mambo haya. Mwaka 1977 Albert Bandura, bingwa wa elimu ya nafsi, alieleza kwamba juhudi ya mtu hufuata imani yake kuwa aweza, na kwamba imani hiyo hujengwa zaidi na kufaulu kwake mwenyewe. Mwaka 1998, huko Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa akili zao walilegea walipokutana na kazi ngumu, ilhali waliosifiwa bidii yao waliendelea kujaribu. Tena mwaka 2003 Roy Baumeister na wenzake, baada ya kuchunguza tafiti nyingi, waliona kuwa kujiona bora peke yake hakumfaulishi mtoto. Mara nyingi kufaulu ndiko kuletako kujithamini.

Basi sifa tupu haimfai kijana, kama vile tusi lisivyomfaa. Limfaalo tunalijua tangu zamani. Mwalimu wa chuo hampi mwanafunzi juzuu nzima kwa siku moja. Humpa aya chache, na akizidhibiti humwongeza. Na hesabu ziwe hivyo. Badala ya kumwuliza mtoto, "Umekuwa wa ngapi?", tumwulize, "Leo umekwama wapi?" Wala binti asisahauliwe: taa na saa ya kusomea ni haki yake kama ilivyo ya kaka yake.

Nawe kijana, ukikosea usiseme, "Mimi siwezi." Sema, "Bado sijaweza," kisha urudie. Aliyeweza kuyahifadhi maneno ya Mola wake hakuumbwa na kichwa kizito.

Mwenyezi Mungu atuongoze katika malezi. Amin.