Sahani ya Mtoto Hujazwa na Mikono Mingi

Leo tutaona jinsi majirani wanavyoweza kusaidiana ili kila mtoto apate mlo kamili.

Nianze na jambo ninaloliona mara nyingi kliniki. Mama anafika na mtoto wa miezi 11. Ananiambia, "Sista, mtoto anakula, lakini haongezi uzito." Ninampima mkono kwa utepe, nao unaonyesha rangi ya manjano. Namwuliza mtoto hula nini. Asubuhi uji mweupe wa mahindi, jioni ugali na supu ya mboga. Lakini mama huyu anaishi karibu na ziwa! Kila siku huanika omena, kisha huiuza yote apate pesa za unga na karo. Tena nyumbani ameambiwa kwamba omena humharisha mtoto mdogo.

Je, mama huyu ni mzembe? La hasha. Chakula kipo, ila kinapita mlangoni pake kikielekea sokoni. Huko Awendo au Kuria kuna mwenzake ambaye shamba lake lote ni miwa au tumbaku. Yeye hununua hata maharagwe. Kila mmoja ana kitu, lakini hakuna aliye na mlo kamili. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Hapa kwetu tayari tumeona matunda ya kushirikiana. Katika Kaunti ya Migori, serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo na Mpango wa Chakula Duniani waliwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Mwaka wa 2023, mama mmoja mkulima wa Migori alituzwa na Shirika la Afya Duniani kwa kubadilisha zao na kuwafundisha wakulima wengine mamia. Tumbaku haipikwi. Maharagwe huuzwa, na yanayobaki huingia chunguni. Madini ya chuma huongeza damu ya mtoto na kusaidia ubongo wake kukua.

Sasa wewe na majirani zako mnaweza kuanzaje? Kama mko na chama cha kuweka pesa, msianzishe kingine. Siku ya kukutana, kila mmoja alete kidogo cha alichonacho: kikombe cha omena, maharagwe, wimbi, mayai, osuga au kunde. Mgawane, au mpike pamoja watoto wale hapo hapo. Mwenye viazi vitamu vya rangi ya machungwa, ambavyo vina vitamini A, awakatie wenzake vipande vya shina wakapande. Mashina hayo hayanunuliwi, na bustani moja inaweza kuanzisha nyingine nyingi. Mwalikeni mhudumu wa afya wa kijiji apime watoto. Msiwasahau baba na nyanya, maana mara nyingi wao ndio huamua kinachouzwa na kinachobaki.

Na omena je? Haimdhuru mtoto ikiandaliwa kwa usafi. Ianike juu ya wavu ulioinuliwa, si mchangani. Ichague, ioshe, ikaushe, ikaange bila mafuta, kisha itwange na kuichekecha. Weka kijiko kimoja cha unga huo katika uji au mboga ya mtoto aliyefikisha miezi 6. Maharagwe yaloweke usiku kucha, yachemshe hadi yalainike, kisha yaponde. Mpe na kipande cha pera au chungwa, kwani tunda husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Usimpe chai pamoja na chakula, kwani chai huyazuia.

Tukumbuke pia:

Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, kisha aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9 ale mara 3 au 4, pamoja na kitu kidogo katikati.

Awe na bakuli lake mwenyewe, ili ujue amekula kiasi gani. Uji uwe mzito, usimwagike kijikoni kama maji.

Mpeleke apate matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, hadi afikishe miaka 5.

Utepe ukionyesha nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, au miguu ikivimba, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Manjano nayo ni onyo, usiingoje igeuke nyekundu.

Mama, kabla gunia la omena halijafungwa kesho, toa kikombe kimoja cha mtoto wako. Ukiweza, toa na cha mtoto wa jirani. Naye atakukumbuka maharagwe yakivunwa.