Aliyeshika Miguu Naye Ameua

Nimewasikia wanafunzi wakidai kuwa aliyemshika mshukiwa miguu huku mwenzake akimpiga rungu hakuua. Sheria ya Kenya haikubaliani nao. Kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu chasema kwamba watu wawili au zaidi wakinuia pamoja jambo la haramu, na katika kulitekeleza likatendeka kosa lililotarajiwa kufuatana nalo, kila mmoja huhesabiwa kuwa amelitenda.

Wala si lazima wawe wamekula njama mapema. Mwaka 1943, katika kesi iliyohusu kupigwa kwa mtu aliyedaiwa kuwa mwizi, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kuwa nia ya pamoja yaweza kutambuliwa kutokana na kuwapo kwa washtakiwa, matendo yao, na kutojitenga kwao na shambulio.

Naona sheria hii ni ya haki. Rungu lisingempata mtu aliye huru kukimbia. Aliyemshika ndiye aliyelifungulia njia. Basi walimu wenzangu, tuwafunze vijana hili kabla ya ukelele wa “mwizi!” kusikika: katika umati, mkono unaosaidia nao hujibu mashtaka.