Kadi SIM ya Congo ng'ambo ya mpaka: kwa nini yunite zinaisha, na pesa ya simu inakwama wapi

Chukua mfano wa mama anayetoka Butembo kupeleka mtoto kutibiwa Kampala. Anafika Kasindi, anavuka daraja la Lubiriha, na mbele ya wahamiaji wa Mpondwe simu yake inalia mara mbili: ni meseji ya kumkaribisha Uganda. Ndani ya kadi yake ya Congo kuko yunite za dolari tano. Kuko pia dolari mia mbili za matibabu, ambazo aliona heri aziweke kwenye simu kuliko kuzifunga ku kitenge na kusafiri nazo usiku. Basi haijafika hata Kasese, yunite zimekwisha, na hajampigia mtu hata mmoja. Kampala, karibu na hospitali, anaona mwamvuli wa rangi ileile ya wakala wake wa Butembo. Anamwonyesha simu. Wakala anaangalia, anamrudishia: «Mama, hii ni ya Congo. Siwezi kutoa.»

Wasafiri wengi wa mashariki, wanaoenda kuuza samaki, kusoma, kutibiwa ao kukimbia vita, wanaijua hii hadithi kwa njia moja ao nyingine. Mara nyingi wanasema wameibiwa. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi zaidi kadi imefanya kazi kama ilivyopangwa, na hakuna aliyemweleza mwenyewe imepangwa namna gani.

Mnara unamtambua mgeni

Ndani ya kila kadi SIM kuko namba ambayo mwenye simu haioni. Siyo ile anayowapa watu. Tarakimu zake tatu za kwanza zinaonyesha inchi kadi ilikotoka: 630 ni Congo, 635 ni Rwanda, 641 ni Uganda, 642 ni Burundi, 640 ni Tanzania. Mnara wa Mpondwe ukisoma 630, unajua huyu ni mgeni. Hapo kampuni ya Uganda inauliza ile ya Congo: mtu wenu amefika hapa, tumpokee? Kama kampuni hizo mbili zimeandikiana mapatano, jibu ni ndiyo na rezo inaonekana. Kama hakuna mapatano, simu inakaa bila rezo hata mnara ukiwa juu ya kichwa. Kazi hiyo yote ndiyo inaitwa romingi.

Kwa mtu anayenunua yunite kwanza, kuko shida ya pili. Kampuni ya nyumbani inapaswa kuhesabu yunite zake wakati uleule anapoongea, yeye akiwa inchi ingine. Mashine za pande mbili lazima zizungumze palepale, na si kila mapatano yanafika huko. Ndiyo maana mkubwa wa shirika, anayelipiwa simu mwisho wa mwezi, anaweza kushuka Nairobi na kupiga simu mara moja, wakati shofa wake mwenye kadi ya kampuni ileile anabaki anageuza simu juu na chini.

Ukishapokelewa, bei si ya Butembo tena. Mtu akikupigia kutoka Beni wewe uko Kampala, simu yake inaenda kwanza kwa kampuni yako ya Congo, halafu kampuni inaituma Uganda. Yule wa Beni analipa bei yake ya kila siku, maana hajui uko wapi. Kipande cha kutoka Congo mpaka Kampala unakilipa wewe uliyepokea. Watu wa kwetu wamezoea kwamba kupokea ni bure, na hapo ndipo wanapoumia. Hata Wacongomani wawili waliokaa hoteli moja Kampala, chumba na chumba, wakipigiana kwa namba zao za +243, sauti inaweza kusafiri mpaka Congo na kurudi. Njia yote hiyo inalipwa. Kugonga mlango ni bei nafuu zaidi.

Na yule mama ambaye hakupiga wala kupokea? Mega ndizo zilimmaliza. WhatsApp inashusha picha na video za kikundi cha kanisa, Facebook inajifungua, programu zinajirekebisha zenyewe, wakati simu iko mfukoni. Forfait ya mega aliyonunua Butembo kwa kawaida ni ya kutumia Congo tu. Ng'ambo kila mega inakatwa kwenye yunite za kawaida, tena kwa bei ya romingi. Kinga yake ni nyepesi: kabla ya kufika mpakani, kufungua «Paramètres» za simu na kuzima palipoandikwa «Itinérance des données». Kupiga na kupokea meseji vinabaki. Mega peke yake ndizo zinasimama.

Goma, Bukavu, Uvira: kusafiri bila kutoka nyumbani

Kwa wakaaji wa mipakani kuko ajabu ingine. Mtu amekaa kwake Birere, ao kando ya ziwa, hajavuka barriere yoyote, na simu inamwambia karibu Rwanda. Mawimbi ya mnara hayaombi jeton. Mnara wa Gisenyi ukisikika kwa nguvu kuliko wa Goma, hasa umeme ukikatika na mnara wa huku ukidhoofika, simu inajishika huko yenyewe. Ni vilevile Bukavu kwa watu wanaotazama Rusizi, na Uvira upande wa Gatumba. Wengine wanapoteza yunite mwezi mzima wakilaumu watoto nyumbani kwamba wanachezea simu.

Hapo kuzima itinérance kunasaidia kwa mega tu. Kwa sauti, njia ni kuingia kwenye paramètres za rezo, kuondoa kuchagua kwa «automatique», na kuchagua kwa mkono jina la kampuni yako ya Congo. Simu haitaruka tena mpaka. Lakini siku unasafiri kweli, usisahau kurudisha automatique. Kuko wanaofika Kigali na kufikiri simu imekufa.

Miaka ya nyuma mambo yaliwahi kuwa mepesi. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania katika mpango ulioitwa One Network, na mwaka 2007 ikaingiza Congo. Msafiri alipokea simu bila kulipa na kuongeza yunite za inchi aliyofikia. Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel, na bei na masharti vikabadilika njiani. Mwaka 2014 Kenya, Rwanda na Uganda zenyewe, kama serikali, zikapatana kuondoa malipo ya kupokea simu kati yao na kuweka kipimo cha bei ya kupiga. Congo haikuwa mwanamemba wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki wakati huo. Iliingia mwaka 2022. Wengi walifikiri siku ileile bei zitaanguka. Kuingia jumuiya hakushushi bei peke yake: wasimamizi wa mawasiliano, kwa Congo ni ARPTC, wanapaswa kuweka kipimo, na kampuni zikubaliane kulipana hivyo. Kwa hiyo kabla ya safari, njia ya uhakika ni kuuliza bei ku namba ya huduma ya kampuni yako, ukiwa ungali Congo, ambako kuuliza kwenyewe si ghali.

Kosa lingine linatoka kwa majina. Vodacom iko Congo na iko Tanzania. Airtel iko Congo, Rwanda, Uganda, Tanzania. Jina moja, rangi moja, lakini kila inchi iko na kampuni yake na vitabu vyake. Yunite zinazouzwa Kigoma kwa wateja wa huko, usitegemee ziingie kwenye kadi ya Uvira. Kilicho chepesi ni kuomba ndugu aliyebaki nyumbani akutumie yunite kutoka Congo, ao kuweka za kutosha kabla ya kupanda mashua.

Pesa iko kwenye namba, na namba iko Congo

Hapa ndipo penye uzito. Tangu benki zilipofunga milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, simu imekuwa benki ya watu wengi ambao zamani hawakuitegemea hivyo. M-Pesa, Airtel Money, Orange Money: kuko mshahara, kuko likelemba, kuko pesa ya shule. Na ufunguo wa yote ni ile kadi ndogo.

Pesa ya yule mama haijapotea. Iko kwenye hesabu ya kampuni ya Congo, na wakala wa Kampala hana njia ya kuigusa. Mama mwenyewe anaweza kuifikia kama romingi inakubali menyu ya pesa: anatuma kwa ndugu Butembo, ndugu anaitoa, anaipitisha kwa njia ya kawaida ya kutuma pesa Uganda. Ao, pale kampuni inapotoa huduma ya kutuma inchi za inje, anatuma moja kwa moja kwa namba ya Uganda. Lakini menyu ikikataa, ao kadi ikiwa haina rezo, anabaki na dolari mia mbili za kutazama tu. Jambo la kufanya kabla ya safari ni kuuliza wazi: «Menyu ya pesa inafanya kazi nikiwa Uganda?» Na hata wakisema ndiyo, pesa ya siku za kwanza ibebwe mkononi.

Kuongea na wenyeji na kupata mega, kununua kadi ya inchi uliyofikia karibu kila mara ni bei nafuu. Inaandikishwa kwa kitambulisho, na mgeni anaombwa paspoti. Tanzania wanachukua na alama za vidole. Simu yenye nafasi mbili inamaliza shida: ya Congo inabaki ndani, bila mega, kwa kupokea meseji, ya huko inafanya kazi ya kila siku. WhatsApp haihitaji kubadilishwa. Ikiuliza kama unataka kuhamia namba mpya, kataa, itaendelea na +243 yako kwa mega za kadi ingine. Lakini simu ikiibiwa ao WhatsApp ikiomba kodi ya kuhakikisha, kodi hiyo inaingia ku kadi ya Congo peke yake. Aliyeitupa hawezi kuipata.

Majina ya watu kwenye simu nayo yatengenezwe mapema. Namba inayoanza na 099, ukiwa inje ya inchi inakuwa +24399, bila ile sifuri. Aliyeandika 099 tu atapiga namba ya inchi aliyomo, ao hatapiga popote.

Wanaokaa muda mrefu, wanafunzi wa Kampala na wakimbizi walioko Burundi ao Uganda, wako na hatari kubwa zaidi. Kadi isiyotumika miezi inafungwa, na kisha namba inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Muda unategemea kampuni. Kupiga simu fupi ao kuongeza yunite kidogo kila mwezi kunaiweka hai. Wengine wanaacha kadi nyumbani kwenye simu ya tochi, kwa bibi ao kwa kaka, ili awasomee kodi zinazoingia. Si njia safi, maana mwenye kadi na namba ya siri anaweza kutoa pesa yote, lakini kwa mtu ambaye romingi yake haifanyi kazi ni heri kuliko kadi iliyokufa. Kadi aiache, namba ya siri asiiache.

Ikipotea kabisa, mwenyewe anapaswa kwenda kwa kampuni, Congo, na kitambulisho chenye jina lililoandikishwa. Na hapo kuko tatizo linaloanzia nyumbani: kadi nyingi zinazouzwa barabarani zimeshaandikishwa kwa majina ya watu wasiojulikana. Mtu anatumia namba miaka mitano, anaweka pesa, na kwenye vitabu si yeye. Akiwa mjini anaweza kuishi hivyo. Akipoteza kadi Bujumbura, hana cha kuonyesha. Kurekebisha jina ni kazi ya kufanya kabla ya safari, ku ofisi ya kampuni yenyewe.

Kwa wanaoenda mbali zaidi, kuko ajabu mbili. Dubai, kupiga sauti kwa WhatsApp kumefungwa, lakini kuandika na kutuma sauti iliyorekodiwa kunapita. Guangzhou, WhatsApp haifunguki kabisa kwa kadi ya China. Kwa kadi ya Congo iliyo kwenye romingi mara nyingi inafunguka, kwa sababu mega za romingi zinapitia kwa kampuni ya nyumbani kwanza. Ni ghali, lakini muuzaji anayetaka kumwonyesha mteja wa Bunia picha ya viatu kabla ya kulipa, dakika tano zinamtosha, halafu anazima.